Nguvu Yangu Mkononi mwa Mwizi

Wiki iliyopita mliniacha nimesimama katikati ya saluni, simu mkononi, mdomo wazi kama samaki wa sokoni. Aliyekuwepo anajua kilichonipata. Ambaye hakuwepo avute kiti, nitamwambia haraka haraka, maana aibu hairudiwi kwa raha.

Mimi ni Yueh-o, naosha watu nywele hapa Chiayi, nyuma ya soko. Nina sarafu zangu za mtandaoni. Nimezifungia huko huko, na zikikaa kifungoni zinazaa nguvu kila siku. Mtu asiye na nguvu hiyo akitaka kutuma dola za mtandaoni anakatwa ada ya kumtoa machozi. Basi mwenye nayo anamwazima asiye nayo, anapewa chochote, na sarafu zake hazitoki nyumbani.

Ni kama muuza soseji aliye mlangoni pangu. Mita ni yangu, waya unatoka kwangu, taa inawaka kwake. Akinikera nachomoa.

Ila huko mtandaoni kuna kufunga. Ukimwazima mtu nguvu ukaifunga kwa mwezi, hata wewe mwenyewe huichomoi mpaka mwezi uishe. Mteja wangu mkubwa, Mzee Lai muuza chai, hapokei nguvu isiyofungwa. Anasema hiyo ni ahadi ya mlevi.

Akaunti ya Mzee Lai inaishia na 168168. Kwetu hiyo ni namba ya heri, ukiitamka inasikika kama "njia nzima ni neema", watu wanagombea kuibandika kwenye magari na milango. Mimi nilikuwa naijua akaunti yake kwa mkia huo tu. Kichwa chake sikuwahi kukitazama, nikitazame cha nini?

Tapeli mmoja akajitengenezea akaunti yenye mkia huo huo. Akanitumia visenti ili akaunti yake ikae juu kabisa kwenye orodha ya simu yangu. Msimu wa chai ulipofika, nikanakili ya juu. Nikaiazima nguvu yote. Nikaifunga mwezi mzima, kwa heshima. Kisha Mzee Lai akapiga simu: nguvu yake iko wapi?

Hapo ndipo mliponiacha. Sasa sikilizeni yaliyofuata, mniambie kama kuna mwanamke aliyewahi kubanwa namna hii.

Mzee Lai alikuja mwenyewe asubuhi, kikombe chake cha chai mkononi kama kawaida.

"Dada Yueh-o, wewe nywele za watu unazichambua unywele kwa unywele. Akaunti ulishindwa kuisoma mpaka mwanzo?"

"Usinicheke, Mzee. Nitoe humu."

"Nikutoe wapi? Ulipofunga ulibonyeza wewe."

"Kwa ajili yako! Si wewe unayetaka kufungiwa?"

"Mimi ndiyo. Huyu hakuomba hata kufungiwa, umempa mwenyewe na nyongeza."

Nilitamani kumwagia ile chai. Lakini Mzee Lai si mtu mbaya. Alivaa miwani akafungua ukurasa wa ile akaunti ya mwizi, maana huko mtandaoni kila kitu kiko wazi, anayetaka kuchungulia anachungulia.

Akaanza kusoma kwa kidole. Mzee Lai akisoma kwa kidole ujue kuna jambo.

"Tazama. Fedha zinaingia kutoka kwa watu chungu nzima, kidogo kidogo. Zikiingia, hazikai. Zinavushwa palepale kwenda kwingine."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo wizi, dada. Hawa ni watu wanaoliwa. Na tazama hapa, huyu bwana hana hata sarafu moja ya kulipia ada. Anaishi kwa nguvu yako tupu. Kila anachovusha, wewe ndiye unayekibeba."

"Nani anaweza kuona kwamba ni yangu?"

"Yeyote. Imeandikwa hapa juu: nguvu imetoka akaunti fulani. Polisi wakiifuata hiyo akaunti mpaka pale sarafu ziliponunuliwa, watakuta jina."

Nikakaa kwenye kiti cha wateja.

Kwa sababu jina watakalolikuta si langu.

Nilipokwenda kununua sarafu mara ya kwanza, simu ilitaka kupiga picha ya uso wangu iufananishe na kitambulisho. Ikakataa. Picha ya kitambulisho nilipigwa kabla sijachora nyusi. Nikajaribu nimekunja uso, nikajaribu nimecheka, ikakataa kata kata. Binti yangu Pei-chun akacheka mpaka akakaa chini, akasema, "Mama, acha, tumia langu." Akaweka uso wake na jina lake. Mimi nikaendelea na biashara.

Na Pei-chun huyo, mwanangu wa pekee, amesoma miaka na miaka, ameshindwa mtihani wa serikali, amerudia, ameshindwa tena, na mwaka huu akafaulu. Karani wa mahakama. Jumatatu anaapishwa. Nani anamwapisha karani wa mahakama ambaye jina lake limekutwa kwenye mfuko wa matapeli?

"Mzee Lai," nikasema, "hukuona kitu."

"Mimi ni muuza chai," akajibu. "Nimeona chai tu." Akaenda zake, na sikupenda alivyoniangalia kwa huruma.

Nikatoka nje. Muuza soseji alikuwa ameweka redio yake juu, anaimba. Nikachomoa waya wake ukutani.

"Yueh-o! Soseji zangu!"

"Wateja wako wazile mbichi!"

Angalau kilikuwepo kitu kimoja duniani ninachoweza kukichomoa.

Mchana nilimwambia Pei-chun. Tunaishi juu ya saluni. Alikuwa anapiga pasi suti ya kuapia, ile ya bluu nyeusi. Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Alizima pasi, akakaa kitandani.

"Imefungwa mpaka lini?"

"Mwezi."

"Hakuna njia?"

"Ningekuwa nayo ningekuwa nalia mbele yako?"

Akafikiri. Mwanangu akifikiri anauma kucha ya kidole gumba, tangu mtoto.

"Tukiripoti sasa hivi, watagandisha akaunti zangu zote za benki siku hiyo hiyo, mshahara hauna pa kuingia, na jina langu linawekwa alama ya tahadhari. Mwishowe watanisafisha, Mama. Sijaiba. Lakini kusafishwa kunachukua miezi, na nafasi yangu haingoji miezi. Kuna mtu nyuma yangu kwenye foleni."

"Kwa hiyo tufanyeje?"

"Tunyamaze mpaka Jumatatu. Niape kwanza. Nikishaapa nitakwenda mwenyewe nikawaambie."

"Na hao watu wanaoliwa?"

Aliwasha pasi tena. Akapiga kola ile ile mara tatu, na nikajua kwamba hayo maneno hayakumpendeza hata yeye aliyeyasema. Wahenga hawakukosea: mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nimechuma, mwanangu anakula.

Nikaapa kunyamaza. Na kweli nilinyamaza, mpaka kesho yake Mama Hsu alipokuja kuoshwa nywele.

Mama Hsu ni mteja wangu tangu nifungue duka. Mjane, mdomo mrefu, moyo mzuri. Siku ya msiba wa mume wangu, ni yeye aliyesimama jikoni kwangu akipika wali wa bata mzinga kwa waombolezaji wote, bila kuombwa. Mwanawe Chin-tai ni sajini wa polisi, kituo kile cha karibu na stesheni ya treni.

Alikaa, nikammwagia shampuu, nikaanza kusugua. Povu likasimama kichwani kama kilemba.

"Yueh-o, nina siri."

"Siri zako zote zinajulikana sokoni, Mama Hsu."

"Hii hapana. Nimepata mtu."

"Mtu gani?"

"Mwanamume, we! Mhandisi. Yuko baharini kwenye visima vya mafuta. Mjane kama mimi. Kila asubuhi ananiuliza kama nimekula. Hivi mwanangu Chin-tai aliniuliza lini kama nimekula?"

Mikono yangu ilipunguza mwendo.

"Umewahi kumwona?"

"Picha. Ana mabega!" Akacheka mpaka povu likamdondokea sikioni. "Anakuja mwaka huu. Ila mzigo wake umezuiliwa bandarini, nimekuwa namsaidia kidogo kidogo. Leo namalizia. Nimeuza lile shamba la mananasi."

"Shamba la marehemu?"

"Marehemu hali mananasi tena. Dukani kwa wabadilishaji wameshanigeuzia fedha ziwe dola za mtandaoni, ziko humu kwenye simu. Mwanzo niliogopa, nakwambia kweli. Lakini nilipoona namba ya akaunti yake, roho ikatulia. Mtu mwenye nia mbaya hawezi kupewa namba kama ile."

Nilijua kabla hajasema. Haki ya mungu, nilijua.

"Inaishiaje?"

"Moja sita nane, moja sita nane!" akasema kwa furaha. "Njia nzima ni neema tupu!"

Akaniinulia simu nione. Safari hii nilisoma kichwa. Kilikuwa kile kile.

Jamani, nilisimama pale na povu mpaka kwenye viwiko, sijui nilie au nikimbie. Nikisema, mwanangu anazama. Nikinyamaza, shamba la mama wa watu linaondoka, na itakayoubeba huo mzigo kuuvusha ni nguvu yangu mimi. Mama huyu aliyepika kwenye msiba wangu.

Nikatafuta njia ya katikati. Mwoga daima hutafuta njia ya katikati.

"Mama Hsu, usitume leo."

"Kwa nini?"

"Nimeota." Uongo ulitoka mwepesi kama shampuu. "Mungu wa Ardhi kanijia. Kasema Mama Hsu leo asitoe kitu."

Akageuka kwenye kiti akaniangalia. Nyuma yangu, kwenye kishubaka kidogo karibu na sakafu, Mungu wa Ardhi alikuwa ameketi na ndevu zake nyeupe, machungwa matatu mbele yake.

"Amekwambia wewe? Mimi ndiye ninayemletea machungwa, halafu anakwambia wewe?"

"Ndivyo nilivyoota."

"Basi yuko hapo hapo, hatuna haja ya kusumbuana na ndoto. Lete vipande tumuulize mwenyewe."

Ala! Hilo sikulifikiria. Ile njia ya katikati ilikuwa na shimo, na mimi nimeingia na miguu yote miwili.

Mama Hsu alishuka kitini na povu lake, akapiga magoti, akachukua vile vipande viwili vyekundu vya mti, upande mmoja bapa, upande mmoja wa mviringo. Kimoja kikilala bapa na kingine mviringo, mungu amekubali. Mara tatu mfululizo, hakuna wa kupinga.

"Babu," alisema, "mimi Hsu wa nyuma ya hospitali, nitume leo? Ukikubali, nipe tatu."

Akatupa. Kimoja bapa, kimoja mviringo.

"Moja!" akanitazama.

Akatupa tena. Bapa, mviringo.

"Mbili! Ndoto yako ilikuwa ya wali mwingi, Yueh-o."

Nilimwangalia yule mzee wa ndevu nyeupe. Nikaelewa ananifanyia nini. Nimemsingizia maneno mbele ya uso wake, naye ananirudishia. Mama Hsu alikuwa ameshaandaa simu yake, imelala sakafuni kando ya goti, imebaki kubonyeza tu.

Akatupa mara ya tatu. Kipande cha kwanza kikatulia, bapa. Cha pili kikabingirika kuja kwangu, kinayumba, hakijalala.

Nikakikanyaga.

Drai iliendelea kuvuma pembeni.

"Yueh-o," Mama Hsu alisema polepole, "umekanyaga kitu cha mungu."

"Nimekanyaga."

"Ondoa mguu."

"Siondoi."

Na hapo hapo kengele ya mlango ikalia. Chin-tai, na sare zake, kofia kwapani. Amekuja kumchukua mama yake.

"Kuna nini? Mama, mbona uko chini na povu? Shangazi Yueh-o?"

Mama Hsu alinigeuzia mgongo kwa hasira, akainamia simu yake kama anayeificha. Mimi sikuwa nimebakiwa na uongo. Nilikuwa nimeutumia wote.

"Chin-tai, mama yako anataka kumtumia tapeli fedha za shamba."

"Yueh-o!" Uso wa Mama Hsu ukawa mwekundu kuliko vile vipande. "Mbele ya mwanangu?"

"Tapeli gani?" Chin-tai aliweka kofia mezani. Sauti ilikuwa imebadilika. Ilikuwa sauti ya kazini. "Akaunti gani?"

"Inaishia 168168," nikasema.

"Tunaitafuta akaunti hiyo, watu wameshakuja kulia kituoni." Akanikazia macho. "Shangazi, wewe umejuaje kwamba ni ya tapeli?"

Nikasema moyoni, sema tu ni yako, Yueh-o, sema sarafu ni zako, kubonyeza ni kwako, kila kitu chako. Lakini jina, nitalifuta vipi jina?

"Shangazi. Umejuaje?"

"Usimuulize Mama."

Sauti ilitoka kwenye ngazi. Pei-chun alikuwa amesimama kipandio cha katikati, amevaa ile suti, bila shaka alikuwa anaijaribu. Lebo ya duka ilikuwa bado kwenye kishikizo.

"Pei-chun, rudi juu!" nikapiga kelele.

"Kaka Chin-tai," alisema, kama alivyokuwa akimwita wakicheza uani wakiwa wadogo, "akaunti inayompa huyo tapeli nguvu ina jina langu."

"Ni mimi!" nikasema. "Ni mimi niliyebonyeza, yeye hajui kitu!"

"Jina ni langu. Na jana mchana nilijua, nikamwambia Mama anyamaze."

Chin-tai alimwangalia, akaiangalia ile suti. Anajua ya nini. Mtaa mzima unajua, alipofaulu nilifyatua fataki mwenyewe.

"Pei-chun, ukilisema hilo mbele yangu nikiwa na sare, siwezi kujifanya sijalisikia."

"Najua. Ndiyo maana nimeshuka."

Miaka yote ya kukesha na vitabu, na ameitoa kwa sentensi mbili. Nilijivunia, na nilitaka kumzaba kofi, vyote kwa pamoja.

Chin-tai alivuta pumzi. "Sawa. Hilo tutalishughulikia. La kwanza ni fedha za Mama. Mama, nipe hiyo simu."

Mama Hsu hakusogea. Povu lilikuwa limeanza kumshuka shingoni.

"Mama. Simu."

"Aliponikanyagia kipande," alisema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "nilijua kimelalaje. Mtu hakanyagi jibu la hapana."

"Mama, umefanya nini?"

"Mungu alikuwa amekubali. Nimeshatuma, mwanangu. Ulipokuwa unaingia mlangoni."

Chin-tai alimpokonya simu, akabonyeza, akatazama.

"Imeingia kwake. Bado iko! Bado hajaivusha." Akanigeukia, na sasa hakuwa sajini, alikuwa mtoto wa mama yake. "Shangazi, nguvu anayotumia si ni yako? Hana nyingine?"

"Hana. Anaishi kwa yangu tu."

"Basi ichomoe! Asipokuwa na nguvu atakwama pale pale, japo kidogo, nipige simu makao makuu. Ichomoe, Shangazi, upesi!"

Wote watatu waliniangalia. Mama Hsu bado amepiga magoti. Mwanangu na suti yake kwenye ngazi. Mlangoni muuza soseji alikuwa ameingiza kichwa, anataka kuniuliza lini namrudishia umeme.

Nikaondoa mguu kwenye kile kipande. Hakuna aliyetazama kimelalaje.

"Haichomoki, Chin-tai," nikasema. "Niliifunga mwenyewe."